Gemu yangu iko Steam na pesa zinaingia, je hii kodi ya "gaming" inanihusu?

"Habari dada. Niko Mombasa, nimetengeneza gemu ya kuendesha matatu, naiuza Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, miezi 8 sasa na imeniingizia kama shilingi 1,600,000, sijaajiriwa popote hii ndo kazi yangu. Kila bajeti ikisomwa nasikia kodi ya gaming imepanda, mara imeshuka, hata sielewi kama mimi ni gaming ama sio. Jamaa yangu anasema pesa za nje KRA, mamlaka ya kodi, haizigusi, mwingine anasema ukiwa chini ya milioni moja hudaiwi kitu, ningejua ningeuza polepole. Halafu Steam wananikata pesa nyingi kwa wateja wa Marekani, naona kama kodi nimeshalipa huko. Sasa kuna kampuni inataka tutoe ya simu, mchezaji analipa 20 bob anazungusha gurudumu anashinda airtime ama pesa kwa M-Pesa, wanasema hiyo ndo itanitoa. Nifanye nini, nijisajili wapi, ama nifungue kampuni?"

Haya mdogo wangu, kwanza hongera, manake najua mtu akikaa na gemu miaka miwili kabla haijauza hata kopi moja nyumbani wanamwona kama hana kazi, na wewe umefika mahali gemu inakulisha. Mimi ni mhasibu wa kodi, wateja wangu wengi ni wasanii na watu wa kompyuta, na swali lako nimeulizwa vipande vipande mara nyingi ila wewe umeleta vyote kwa pamoja, ndo mana vinakuogopesha. Tuvifungue kimoja kimoja. Utaona kuna ambavyo si vyako kabisa, na kile cha hatari kweli wala hukukiandika kama cha hatari, umekiandika kama bahati.

Tuanze na hilo neno gaming. Sisi tukisema gemu tunamaanisha gemu, mtu na padi yake ama simu yake anacheza. Kwenye sheria zetu neno hilo maana yake ni kamari. Sheria ya zamani ya 1966 iliweka pamoja betting, bahati nasibu na gaming, na hiyo gaming ilikuwa ya kasino, watu wamezunguka meza pesa ziko katikati. Kwa hivyo bajeti ikisomwa wakasema kodi ya gaming, wanazungumzia hao. Huo ushuru wa bidhaa unaotozwa dau ulikuwa asilimia 7.5, Julai 2023 ukapandishwa 12.5, Desemba 2024 ukafika 15, halafu kuanzia Julai 2025 ukashushwa hadi 5 na sasa unatozwa kwa kile mtu anachoweka kwenye akaunti yake ya kubeti. Na mshindi aliyekuwa akikatwa asilimia 20 ya ushindi sasa anakatwa 5 akitoa pesa. Ndo huko kupanda na kushuka unakokusikia kila mwaka, na hata moja halikuhusu.

Kinachotofautisha ni hiki, na ukishike vizuri kwa sababu tutakirudia huko chini. Kamari ina mambo matatu yakikutana: mchezaji anatia pesa ama kitu cha thamani ya pesa, bahati ndo inaamua, na mwisho anaweza kuondoka na pesa ama kitu cha thamani ya pesa. Gemu yako ya matatu mtu ananunua mara moja, anaendesha, akigonga anaanza upya, hakuna shilingi inayomrudia. Umeuza bidhaa, kama vile mtu anavyouza kitabu.

Na usijione mjinga kwa kuchanganyikiwa, hili limesumbua nchi kubwa kuliko sisi. India waliweka kodi ya asilimia 28 kwa michezo ya mtandaoni ya pesa kuanzia Oktoba 2023, wakati gemu za kawaida zisizo na dau zilikuwa kwa 18, na studio zao ndogo zikawa na kazi ya kueleza kila mtu kwamba jamani sisi sio wale. Brazil walipitisha sheria Mei 2024 inayosema wazi kwamba gemu za video ni kitu kimoja na michezo ya kubahatisha ni kingine. Natamani sheria zetu nazo zingesema hivyo kwa mstari mmoja tu, ingewaokoa vijana wengi usumbufu benki na kwenye ofisi za serikali, manake nimeona mtu anaulizwa leseni ya kamari kwa sababu fomu yake imeandikwa gaming. Wewe kwenye kila karatasi andika unatengeneza na kuuza programu za kompyuta. Ni kweli, na inakuepusha na maswali mengi.

Sasa jamaa yako wa "pesa za nje haziguswi". Huyo anakupoteza. Sheria yetu ya kodi ya mapato inasema mkazi wa Kenya akifanya biashara ambayo sehemu iko hapa na sehemu iko nje, faida yote inahesabiwa imepatikana Kenya. Wewe unakaa Mombasa, laptopu iko Mombasa, gemu imeandikwa Mombasa. Kwamba aliyenunua yuko Poland na aliyekulipa yuko Marekani haibadilishi kitu, biashara iko hapo ulipokaa.

Wa pili, wa milioni moja, ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndo inaangusha watu. Kuna kodi inaitwa TOT, ya biashara ndogo, inayolipwa kwa mauzo badala ya faida. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na inamhusu mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita milioni 1 lakini hayajapita milioni 25. Watu wakasikia "chini ya milioni moja hulipi TOT" wakaelewa "chini ya milioni moja hulipi kitu". Sivyo! Chini ya milioni unarudi kwenye kodi ya mapato ya kawaida, ile ya ngazi: shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, kisha 30 kwenda juu, halafu kila mtu anaondolewa 28,800 kwa mwaka. Kwa hivyo mtu mwenye mauzo ya 900,000 na gharama kidogo anaweza kulipa zaidi kuliko mwenye 1,100,000 aliye kwenye TOT, inashangaza lakini ndo hesabu ilivyo, na hiyo ya kuuza polepole ili ubaki chini ya milioni ingekuumiza wewe mwenyewe.

Tuweke namba zako. 1,600,000 kwa miezi 8 ni kama 200,000 kwa mwezi, tuseme mwaka ukiisha ni 2,400,000. TOT ya asilimia 3 ni 72,000, imeisha, hiyo ndo kodi ya mwisho kwa pesa hizo. Sasa linganisha na ngazi. Kama gharama zako za mwaka ni 600,000 umebaki na faida ya 1,800,000, ngazi zinakupa 448,600 baada ya kuondoa ile 28,800. Umeona tofauti, 72,000 na 448,600. Lakini igeuze: tuseme umemlipa mchoraji, umemlipa wa muziki, umelipa matangazo, gharama zimefika 1,900,000 na umebaki na 500,000 tu. Ngazi zinakupa 58,600, na TOT bado ni ile ile 72,000 kwa sababu haiangalii ulitumia nini. Na mwaka ukila hasara kabisa TOT bado inadai 3 kwa kila 100 iliyoingia. Kwa hivyo asikwambie mtu TOT ni nafuu siku zote, inategemea gharama, na sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki TOT unataka kodi ya kawaida. Ukichagua ya kawaida basi risiti zako ziwe sawa, tangu Januari 2024 gharama za hapa nchini zinatakiwa ziwe na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, na ile laptopu huikati yote mwaka mmoja, inakwenda kwa asilimia 25 kwa mwaka.

Kuna jambo hapa sitaki kukuficha. TOT ni ya mapato ya biashara. Mtu kama wewe anayetengeneza na kuuza gemu kila siku mimi namwona ni mfanyabiashara, lakini makaratasi ya Steam yanaita malipo yako mrabaha, na afisa wa kodi akiyasoma hivyo anaweza kusema huu si mauzo bali ni malipo ya kutumia haki yako. Hapa usichague peke yako sebuleni. Chukua mkataba wako wa Steam, kaa na wakala wa kodi aliyesajiliwa na KRA, mpate msimamo mmoja na muuandike, manake kubadilisha baadaye ndo hukuletea barua.

Twende Marekani. Ile pesa wanayokukata si ada ya Steam, ni kodi ya serikali ya Marekani, asilimia 30 ya mgao wako wa mauzo yaliyofanyika kule, na Steam anaikata kabla hajakutumia. Nchi zenye mkataba na Marekani wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili zinapunguziwa, wengine hadi sifuri. Kenya hatuna mkataba huo. Ndo mana ulipojaza W-8BEN, ile fomu ya kodi ya Marekani kwa mtu asiye Mmarekani, hukuweza kudai punguzo. Iangalie kwa dola 10: Mmarekani akinunua gemu yako kwa 10, Steam anachukua asilimia 30 yake zinabaki 7, katika hizo 7 Marekani inachukua 2.10, wewe unapata 4.90. Mjerumani akilipa hizo hizo 10, ndani yake kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya kwao ya asilimia 19 ambayo Steam anaishughulikia mwenyewe, inabaki 8.40, Steam akichukua yake unabaki na 5.88. Yani mteja wa Ujerumani anakufaa kuliko wa Marekani kwa bei ile ile. Watengenezaji wengi wa hapa hawajui hili, wanamwaga pesa yote ya matangazo Marekani kwa sababu ndo soko wanalolisikia, na mimi huwa nawaambia kabla hujalipia tangazo fungua ripoti yako ya mwezi uangalie safu ya nchi.

Je umeshalipa kodi kwa hivyo KRA watakuachia? Hapana, kwa sababu hakuna mkataba usitegemee KRA waichukue ile 30 waitoe moja kwa moja kwenye kodi yako ya hapa. Ukiwa kwenye TOT ndo kabisa haina pa kuingia. Ukiwa kwenye kodi ya kawaida muulize wakala inaweza kuhesabiwa vipi, na mpelekee ile fomu ya 1042-S ambayo hutumwa kila mwanzo wa mwaka kuonyesha kilichokatwa. Usiifute kwenye barua pepe ukidhani ni matangazo, nimeona mtu kafuta ya miaka miwili.

Hili linanikumbusha dada mmoja alikuja na stetimenti ya benki tu, akaniambia mwaka mzima nimepata 912,000 niko chini ya milioni. Tukafungua ripoti za mauzo mwezi kwa mwezi pale pale mezani, tukabadilisha dola kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku ya malipo, mgao wake ukatoka 1,140,000. Ile tofauti ilikuwa kodi ya Marekani na makato ya benki, pesa zilizokuwa zake kabla hazijakatwa. Benki inakuonyesha kilichofika, kodi inauliza kilichopatikana. Kwa hivyo kuanzia leo pakua ripoti ya kila mwezi, iweke kwenye folda, andika kiwango cha dola cha siku hiyo. Ni dakika kumi kwa mwezi, na siku ukiulizwa hutababaika.

VAT kwa ufupi: hujafika. Inaanza mauzo yakifika 5,000,000 ndani ya miezi 12. Ila ujue huduma inayouzwa nje imewekewa VAT ya sifuri tangu Julai 2023, na sifuri si sawa na kusamehewa, maana yake mauzo hayo yanahesabiwa kwenye ile milioni 5 na ukifika lazima ujisajili na upeleke ritani, yani taarifa ya kodi, japo hulipi. Uzuri wake ni kwamba ukishasajiliwa unaweza kudai ile VAT uliyolipa kwenye vifaa. Na kampuni ya hapa nyumbani ikikulipa kwa kuweka jina lake kwenye gemu yako, itakukata asilimia 5 kabla haijakupa, hiyo ni ya kazi za kidijitali tangu 2023. Dai cheti chake, usikubali kukatwa bila cheti.

Sasa gurudumu. Nakuomba usome hapa mara mbili. Yale mambo matatu niliyokwambia ulishike, hebu yapitishe hapa: mchezaji anatia 20 bob, gurudumu linaamua, anaondoka na airtime ama pesa kwa M-Pesa. Yote matatu yametimia. Siku hiyo wewe si mtengenezaji gemu tena mbele ya sheria, wewe ni mwendesha kamari, na ule ushuru wote niliokwambia haukuhusu unakuhusu wote, pesa anayoweka mchezaji inatozwa, anayetoa pesa anakatwa, na mapato yanayobaki baada ya kulipa washindi yana kodi yake ya asilimia 15. Juu ya hapo kuna leseni, na tuna sheria mpya ya kamari ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Kuendesha bila leseni ni kosa la jinai. Wasikutulize kwa kusema tutaita ni shindano la zawadi, shindano la zawadi nalo linahitaji kibali, na wasikwambie airtime si pesa, kila mtu hapa anajua airtime inauzwa.

Na tukiacha sheria, nitasema la moyoni. Gemu ya matatu inachezwa na watoto. Nimekaa na wazazi ambao karo imeishia kwenye simu ya mtoto wa miaka kumi na tano, shilingi ishirini ishirini. Kitu ulichokijenga kwa mikono yako kwa miaka usikikabidhi kazi hiyo.

Kama kampuni hiyo bado mnaongea, uliza maswali mawili tu kwa maandishi: leseni ya kamari ni ya nani na namba yake ni ipi, na kwenye mkataba nani anaandikwa mwendeshaji. Wakikwepa la kwanza ondoka. Wakiandika wewe ndo mwendeshaji, ondoka mbio. Lakini toleo la simu lenyewe ni wazo zuri, usilitupe pamoja na gurudumu. Uza rangi za matatu, uza injini, uza ruti mpya, vitu vinavyobaki ndani ya gemu na haviwezi kurudishwa kuwa pesa. Google Play inachukua asilimia 15 kwa dola milioni ya kwanza kila mwaka, ni nusu ya ile ya Steam. Ila hata ndani ya gemu epuka lile sanduku la kulipia ambalo mtu hajui ataambulia nini, Ubelgiji waliyahesabu kuwa kamari tangu 2018. Mwonyeshe mchezaji kitu na bei yake, anunue akikitaka.

Kampuni usikimbilie. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, ukijitolea gawio linakatwa 5, na kuna ritani zake na gharama za mhasibu. Kwa mtu mmoja mwenye mauzo ya milioni 2.4 sioni faida yake kikodi. Siku utakapopata mwenzako wa kumiliki naye, ama mwekezaji, ama mchapishaji wa nje akitaka kusaini na kampuni badala ya mtu, hapo tuzungumze.

Cha kufanya sasa hivi. Una miezi 8 nyuma yako, usisubiri wakutafute. Ukilipa kwa kuchelewa kuna faini ya asilimia 5 ya kodi na riba ya asilimia 1 kila mwezi, na ritani ya TOT iliyochelewa ni 1,000 kwa kila mwezi. Kwa mauzo yako hiyo TOT ya miezi 8 ni 48,000, ukiongeza faini zake bado ni pesa unayoiweza, ikikaa miaka mitatu ndo itakuwa jambo lingine. Ukiamua TOT unaingia iTax, tovuti ya KRA, na PIN yako ya mlipa kodi, unaongeza wajibu huo, kisha unapeleka kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiamua ya kawaida ritani ni kabla ya Juni 30, na kodi ikizidi 40,000 kwa mwaka kuna kulipa kwa awamu Aprili, Juni, Septemba na Desemba, tarehe 20.

Kujisajili unaweza mwenyewe, na ukikwama kwenye iTax nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kuna meza ya KRA, watakusaidia bure. Lakini kwa haya usiende na maandishi ya mtandaoni peke yake, wala haya yangu: ule uamuzi wa TOT na mrabaha, barua yoyote ya KRA ikifika, mauzo yakikaribia milioni 5, ukisaini na mchapishaji, ama ukianza kumlipa mtu aliye nje ya nchi, mchoraji wa Nigeria ama wa muziki wa India, kwa sababu hapo wewe ndo unatakiwa umkate kodi na kuipeleka, na usipomkata inakuwa deni lako. Ukienda kwa wakala chukua ripoti zote 8 za Steam, stetimenti ya benki, ile 1042-S kama imefika, risiti zako hata zilizokunjamana, na mkataba wa gurudumu ambao bado hujasaini.